Kuishi salama katika bweni la chuo China: ya kujua mwanafunzi, na mzazi aliyebaki nyumbani

Ikifika Julai na Agosti, simu zinazoingia kwenye kipindi chetu cha asubuhi hubadilika. Bei ya mahindi na mbolea inawekwa pembeni kidogo, na wazazi wanaanza kuulizia China. Kijana amepata ufadhili, au ukoo umechanga, ng'ombe wameuzwa na miti ya mbao imekatwa kabla ya wakati wake, na sasa tiketi ya ndege iko mkononi. Swali la kwanza huwa nauli. La pili ni chakula, kama huko ugali upo. Kuhusu chumba atakacholala kijana huyo kwa miaka minne au mitano, wanaouliza ni wachache sana.

Sisi tunaona hilo ndilo lingetangulia. Mambo mengi yanayomharibikia mwanafunzi ugenini huanzia chumbani: moto, hewa yenye sumu, fedha ya pango iliyoliwa na dalali, kibali cha ukaazi kilichoingia dosari kwa sababu mtu alihama bila kutoa taarifa. Na mengi kati ya hayo hayatokani na ukaidi. Ni mazoea tuliyotoka nayo nyumbani, ambayo huku hayamshangazi mtu na kule yanaweza kumfukuzisha mwanafunzi bwenini, au kumuua.

Kila chuo kina kanuni zake, na kanuni hizo hubadilika. Tunayoandika hapa ni yale yanayofanana sehemu nyingi za China. Kitabu cha kanuni atakachopewa kijana siku ya kuripoti ndicho chenye neno la mwisho kuhusu bweni lake.

Fedha ya chumba analipwa nani

Mwenye ufadhili kamili wa Serikali ya China halipii bweni. Ufadhili huo unabeba ada, chumba ndani ya chuo, bima ya afya na posho ya kila mwezi: yuan 2,500 kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Chuo kikimruhusu mwanafunzi kukaa nje, badala ya chumba hupewa fedha ya pango, yuan 700 kwa mwezi kwa wa shahada ya kwanza na uzamili, na 1,000 kwa wa uzamivu.

Kwa hiyo mtu akija nyumbani kwako akasema anataka milioni moja "ya kuwahi chumba", ilhali mwanao ana ufadhili kamili, kaa naye chini mkasome barua pamoja. Mama mmoja alitupigia akiwa tayari ameshaazima fedha kwa ajili hiyo. Tulimwomba kijana asome barua ya udahili hewani, mstari kwa mstari. Malazi yalikuwa yameandikwa kuwa ni bure. Fomu ya viza nayo inasaidia kutambua: ya wenye ufadhili wa serikali huitwa JW201, ya wanaojilipia huitwa JW202.

Anayejilipia hulipa kwenye akaunti ya chuo chenyewe, au hulipa ofisi ya wanafunzi wa kigeni akishafika. Akaunti ya chuo huwa na jina la chuo. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo. Mara nyingi kuna pia amana, fedha inayowekwa ili kufidia kitu kikiharibika, nayo hurudishwa siku ya kuondoka kama chumba kiko salama. Ili irudi, kijana apige picha za chumba siku ya kwanza kabla hajafungua begi: kitanda, meza, kioo cha dirisha, ukuta wenye ufa, koki inayovuja. Risiti ya amana aitunze pamoja na pasipoti. Miaka minne ni mingi, na risiti ikipotea kuidai fedha hiyo ni kazi.

Chumba chenyewe mara nyingi huwa katika jengo la wageni, tofauti na la wanafunzi wa Kichina, na kulala wawili ni jambo la kawaida. Mlangoni yupo mwangalizi, mara nyingi mama wa makamo, na wanafunzi wote humwita Ayi. Kwa Kichina ni kama kumwita mama mdogo. Tunasisitiza: huyo Ayi ni mtu wa kusalimiwa kila siku. Yeye ndiye anayejua nani amerudi na nani hajarudi, ndiye mwenye funguo za akiba, na usiku mtu akiugua yeye ndiye wa kwanza kuamshwa. Mabweni mengi hufungwa saa tano usiku au karibu na hapo. Mgeni huandikishwa kwa kitambulisho, na kulala kwa mgeni hakuruhusiwi. Kijana aliyezoea kumpisha rafiki kitanda yeye akalala chini, aelewe kwamba kule wema huo unavunja kanuni.

Kituo cha polisi kabla ya kuzoea mji

Hapa ndipo wengi wanaposhtuka, kwa sababu kwetu mtu hahusishi chumba cha kulala na polisi. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2013, inamtaka mgeni anayelala mahali pasipo hoteli aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Anayeingia bweni la chuo kwa kawaida husaidiwa na ofisi ya wageni ya chuo. Anayefikia kwa rafiki, hata kama ni kwa siku tatu akisubiri bweni lifunguliwe, sheria inamhusu vilevile, na asiyejiandikisha anaweza kuonywa na kutozwa faini hadi yuan 2,000.

Karatasi ya uandikishaji huo ndiyo inayombeba kwenye hatua inayofuata. Wengi wanaokwenda masomo marefu huingia kwa viza ya X1. Viza hiyo humwingiza nchini tu, na ndani ya siku 30 tangu kufika lazima aombe kibali cha ukaazi. Ofisi ya uhamiaji huchukua pasipoti na kumpa stakabadhi, na kazi hiyo inaweza kuchukua hadi siku 15. Katika siku hizo stakabadhi ndiyo pasipoti yake. Mtu mwingine yeyote, awe wakala, awe mwenyeji aliyempokea uwanja wa ndege, hana sababu ya kukaa na pasipoti ya mwanao.

Kibali kikiisha muda na mtu yuko ndani ya nchi, faini inaweza kufika yuan 500 kwa kila siku, ukomo wake yuan 10,000, au mtu akawekwa mahabusu siku 5 hadi 15. Akihama chumba kwenda jengo jingine, au akitoka China likizo na kurudi, aulize ofisi ya chuo kama anatakiwa kujiandikisha upya. Sehemu nyingi jibu ni ndiyo.

Umeme ukirudi

Sasa hita ya maji. Wasikilizaji mnaifahamu, ile chuma iliyojipinda inayotumbukizwa kwenye ndoo na maji yakapata moto baada ya muda mfupi. Hosteli za vyuo vyetu hapa nchini zimejaa hita hizo, chini ya vitanda, juu ya makabati, nyingine zimefungwa waya kwa gundi ya karatasi. Kijana anayefunga begi la China huona ni kitu kidogo cha kubeba. Mabweni ya China yameipiga marufuku karibu kila mahali, na marufuku hiyo ina chanzo.

Alfajiri ya tarehe 14 Novemba 2008, chumba kimoja katika bweni la wasichana la chuo cha biashara mjini Shanghai kilishika moto. Usiku uliotangulia hita ya maji ilikuwa imetumika humo. Ilipofika saa tano umeme ulikatwa, kama utaratibu wa bweni ulivyokuwa, na hita ikabaki kwenye soketi. Asubuhi umeme ukarudi. Hita ikapata moto, vitu vilivyokuwa karibu vikaungua, na moshi ukajaa chumba kizima. Wasichana wanne walikimbilia kibarazani, na moto ulipowafuata wakaruka kutoka ghorofa ya sita. Wote wanne walikufa.

Turudi kidogo hapo penye umeme kurudi. Nani kati yetu hajawahi kuacha pasi kwenye soketi umeme ulipokatika, akaenda shambani, akaja kukumbuka njiani? Hii ndiyo sababu tunasema hatari inasafiri na mtu. Umeme ukikatika, mkono wa kwanza uende kwenye soketi.

Na wala hita haihitajiki. Maji ya bomba kule hayanywewi bila kuchemshwa, hivyo vyuo vina mahali pa kuchotea maji ya moto, au mashine ya maji ya moto kila ghorofa. Mwanafunzi anunue chupa ya chai nzuri, ajaze jioni, basi.

Vingine vinavyokatazwa mara nyingi ni jiko la koili, sufuria ya umeme, pasi na blanketi la umeme. Kuna chuo kinachoruhusu kimoja na kukataa kingine. Umeme wenyewe hununuliwa kabla ya kutumika, kama LUKU, na mabweni mengi yamefungwa kifaa kinachokata umeme wa chumba mara tu mtu anapochomeka kitu kinachokula umeme mwingi. Wakaguzi hupita, vitu huchukuliwa na jina huandikwa. Anayetaka kupika atumie jiko la pamoja la ghorofa kama lipo, na akisonga ugali wake asiondoke kwenda kujibu simu.

Soketi za China si kama zetu. Pini zao ni bapa na nyembamba, wakati zetu ni zile tatu nene za mraba. Ni heri kununua waya na ekstensheni kulekule, vyenye alama ya 3C, ambayo ndiyo alama ya lazima ya ubora kwa vifaa vya umeme China. Ekstensheni moja haichomekwi kwenye nyingine, na simu haichajiwi chini ya mto. Jambo linalowakuta wengi siku hizi ni la pawabenki. Tangu tarehe 28 Juni 2025, pawabenki isiyo na alama ya 3C hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya China. Kijana anayetua Guangzhou na kuunganisha ndege ya kwenda Xi'an au Wuhan anaweza kunyang'anywa aliyoinunua Kariakoo.

Halafu kuna pikipiki za umeme, ambazo wanafunzi wanazipenda kwa sababu ni nafuu na vyuo ni vikubwa kama kata nzima. Tarehe 23 Februari 2024 jengo la makazi mjini Nanjing liliwaka moto ulioanzia chini, mahali palipoegeshwa pikipiki za aina hiyo. Watu 15 walikufa. Betri yake ikipata hitilafu huwaka ghafla na kutoa moshi mzito, nao moshi hupanda ngazi haraka kuliko mtu anavyoshuka. Betri ya pikipiki haipandishwi chumbani kuchajiwa, hata mvua ikinyesha, hata kama mwenzako anafanya hivyo kila siku. Mwenzako wa chumbani akiwa ndiye mkosaji, mwambie. Asiposikia, mwambie Ayi. Tunajua kwetu hilo linaitwa uchongezi. Ila chumba ni chenu wote wawili.

Mlango wa pili

Wazee wengi wa mkoa huu wanakijua Chuo cha Lumumba cha Moscow, kwa kuwa kilisomesha Waafrika wengi tangu miaka ya 1960. Kisa chake tunakileta hapa, japo si China, kwa sababu kinahusu wanafunzi wageni hasa. Usiku wa tarehe 24 Novemba 2003 bweni moja la chuo hicho liliungua. Humo walilala wanafunzi wa kigeni, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamefika nchini. Waliokufa walifika 44, na wengine wengi waliumia kwa kuruka madirishani. Mtu aliyeingia nchi juzi, lugha haijui, jengo halijui, usiku wa manane moshi umejaa, aende wapi?

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kutafuta laini ya simu, kijana atembee kwenye korido ya bweni lake. Ahesabu milango kutoka chumbani kwake hadi ngazi ya dharura, ili hata gizani aweze kuipapasa. Ashuke ngazi hiyo hadi chini aone kama mlango unafunguka. Akiukuta umefungwa kwa kufuli au umezibwa na magodoro, apige picha na kuipeleka ofisi ya wageni.

Moto ukitokea, atoke akiwa ameinama, kitambaa chenye maji puani, aache begi, afunge mlango nyuma yake ili moto usisambae. Lifti haitumiki. Kabla ya kufungua mlango wowote auguse kwa mgongo wa mkono. Ukiwa wa moto, usifunguliwe: azibe nafasi ya chini kwa nguo zilizoloweshwa, asimame dirishani apunge kitambaa cha rangi kali au taa ya simu, na apige 119. Wengi hufa kwa moshi kabla moto haujawafikia. Ndiyo maana kuziba mlango kunampa mtu muda.

Namba za China ni hizi: 119 zimamoto, 110 polisi, 120 gari la wagonjwa. Anayepiga ataulizwa yuko wapi, na Kichina cha mwezi wa kwanza hakitoshi. Anwani ya bweni kwa maandishi ya Kichina ikae kwenye picha ya simu na kwenye karatasi ndani ya pochi, amwoneshe yeyote aliye karibu ampigie. Maneno mawili ayajue kwa moyo: "jao huo le", moto unawaka, na "jiu ming", niokoeni. Tumeyaandika kwa kukaribia matamshi. Mwenzake Mchina atamrekebisha. Na katika kutaja ghorofa akumbuke kwamba China huhesabu ya chini kabisa kuwa ya kwanza. Tunayoiita ghorofa ya kwanza, wao ni ya pili. Mwokoaji akielekezwa ghorofa isiyo yake, dakika zinapotea.

Baridi, na mkaa wa Makete

Wasikilizaji wetu wa Njombe na Makete hawahitaji kuelezwa baridi ni nini. Lakini Harbin, kaskazini mwa China, hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri wakati wa kipupwe. Ajabu ni kwamba huko kaskazini ndani ya bweni huwa kuna joto zuri, kwa sababu mabomba ya maji ya moto yanapita kila jengo. Beijing huwashwa kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi. Shida iko chini ya hapo. Miji iliyo kusini mwa Mto Huai, kama Wuhan, Changsha na Nanjing, kwa desturi haina mabomba hayo. Nje baridi si kali kama ya Harbin, ila ndani ya chumba ni hiyohiyo ya nje, na yenye unyevu. Hapo ndipo mtu hukumbuka jiko la nyumbani.

Mkaa hauingizwi chumbani. Tunalisema hili kila Juni hapa redioni, na kila mwaka bado tunasoma habari za familia iliyolala na jiko ndani, mlango umefungwa. Mkaa unapowaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi. Haikohozeshi. Kichwa kinauma, mwili unalegea, usingizi unakuja, mtu anadhani ni uchovu. Chumba cha bweni la China ni kidogo, na madirisha yake hufungwa vizuri kuzuia baridi, hivyo ni kibaya zaidi kuliko nyumba ya matofali yenye matundu darini. Hata jiko la mkaa la kuchomea nyama, hata kama limeanza kuzimika, halilazwi ndani.

Kinachofaa ni kiyoyozi cha chumba kama kinatoa joto, chupa ya mpira ya maji ya moto ndani ya blanketi, soksi nene, na nguo za ndani za joto, ambazo kule ni rahisi kuliko hizi za mitumba zinazouzwa hapa kwa bei ya kuruka. Koti zito asinunue huku.

Gesi hiyohiyo hutokea kwenye mashine za kupashia maji ya kuoga kwa gesi katika nyumba za kupanga. Bwenini hazipo kwa kawaida, lakini anayehamia nje ya chuo atazikuta.

Anayetaka kupanga nje

Wengi hufikiria kuhama mwaka wa pili, wakichoshwa na mlango kufungwa saa tano. Si dhambi, mradi chuo kimeruhusu kwa maandishi. Desturi ya miji mingi ni kulipa kodi ya miezi mitatu kwa mpigo pamoja na amana ya mwezi mmoja. Kwetu tunaolipa miezi sita tutaona ni nafuu, ila ukijumlisha na ujira wa dalali ni fedha ya kuuza ng'ombe mwingine.

Kabla ya kutoa hata yuan moja aone mambo matatu. La kwanza, hati inayoonesha kwamba anayepangisha ndiye mwenye nyumba. La pili, kama mwenye nyumba yuko tayari kwenda naye polisi kumwandikisha. Asipotaka, nyumba hiyo haifai, hata iwe nzuri namna gani, kwa kuwa mpangaji ndiye atakayebaki na faini na kibali kisichoweza kuongezwa muda. La tatu, ile mashine ya maji ya moto: ikiwa ni ya gesi na imefungwa ndani ya bafu, au bomba lake la moshi halitoki nje ya ukuta, aage kwa adabu aondoke.

Mkataba utakuwa wa Kichina. Ausome na mtu anayekijua kabla ya kutia saini, hasa kipengele cha amana na cha kuvunja mkataba. Picha za siku ya kwanza zinahusika hapa pia.

Na asimpe mtu laini yake ya simu wala kadi yake ya benki "kwa siku mbili tu", awe jirani wa chumba, awe Mtanzania mwenzake. Matapeli hununua na kukodi kadi za wanafunzi kupitishia fedha za wizi, na anayekamatwa kwanza ni mwenye jina.

Simu ya nyumbani

WhatsApp, Facebook, YouTube na Google havifunguki China kwa njia ya kawaida. Watu kule wanatumia WeChat kwa kila kitu, kuanzia salamu hadi kulipia nyanya sokoni. Familia iifungue programu hiyo kabla kijana hajapanda ndege, maana anayejiunga upya anaweza kudaiwa athibitishwe na mtu mwenye akaunti tayari, na kumpata mtu huyo kijijini si rahisi. China iko mbele yetu kwa saa tano, nchi nzima. Ukipiga baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, unamwamsha saa saba usiku. Saa kumi jioni ndiyo nzuri: kule ni saa tatu, amekwisha kula na mlango wa bweni haujafungwa.

Kuugua nako kuna utaratibu wake. Hospitali nyingi za China hutaka fedha kwanza, na gari la wagonjwa hulipiwa. Bima hurudisha baadaye, kwa risiti, na mara nyingi kampuni ya bima hutaka ipigiwe simu kabla ya mgonjwa kulazwa. Namba ya bima iandikwe ukutani karibu na kitanda, na akiba ndogo ya fedha isiguswe.

Januari 2020 Wuhan ilipofungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wa Kitanzania waliokuwa huko walikaa mabwenini hadi mji ulipofunguliwa tarehe 8 Aprili, siku 76. Katika hali kama ile, ni muhimu jina la mtu lijulikane kwenye umoja wa wanafunzi wa Kitanzania wa mji wake na kwenye Ubalozi wa Tanzania mjini Beijing. Kujiandikisha huko ni kazi ya siku moja, na kila mara tunakuta vijana ambao hawajafanya hivyo wakiwa mwaka wa tatu.

Mzazi, unapompigia wiki ya kwanza, ukishamaliza habari za chakula muulize haya. Mlango wa dharura uko upande gani, na amehesabu milango mingapi kuufikia? Anwani yake ya Kichina iko wapi? Ameshaandikishwa polisi, na siku 30 zake zinaisha tarehe ngapi? Kwenye soketi sasa hivi kumechomekwa nini? Akisita kujibu la mlango, mwambie akate simu, atoke akahesabu, kisha apige tena.